Cheti mfukoni, marufuku kushuka: kisa cha Chae Chan Ping, 1888

Wanaopenda riwaya za kihistoria za Wachina walioenda kutafuta maisha Marekani mtakuwa mmeshaizoea ile ramani yake, kuna dhahabu ya California, kuna reli, kuna baruti inalipua jabali na vibarua wanakufa, halafu linakuja kundi la wazungu na mienge linachoma mtaa wa Wachina. Hayo yametokea kweli na siyabishii. Reli ya Central Pacific ilipasua milima ya Sierra Nevada kwa mikono yao, na pale Rock Springs, Wyoming, tarehe 2 Septemba 1885 wachimba makaa 28 wa Kichina waliuawa siku moja. Ila mimi ukiniambia nichague kisa kimoja tu kinachoonyesha ugeni ulikuwaje kwa hawa watu, naacha reli naacha makaa, namchukua jamaa mmoja ambaye hakuna aliyemgusa hata kwa kibao, hana kosa, ana cheti halali cha serikali ya Marekani yenyewe, na bado kazuiwa melini huku mji alioishi miaka 12 anauona kwa macho. Jina lake Chae Chan Ping.

Huku kwetu ukisema Mchina mtu anawaza TAZARA, makandarasi wa barabara na maduka ya Kariakoo, kwahiyo Mchina anayebembeleza afisa wa bandari ni picha ngeni kidogo. Karne ya 19 ndo ilikuwa hivyo sasa.

Mambo yenyewe kama yalivyo kwenye kumbukumbu za mahakama ni machache na makavu. Chae Chan Ping ni raia wa China, kibarua, ameishi San Francisco kuanzia 1875. Tarehe 2 Juni 1887 akapanda meli ya Gaelic kwenda China, akiwa amechukua cheti cha kumruhusu kurudi. Akakaa huko mwaka na miezi. Tarehe 7 Septemba 1888 akaondoka Hong Kong na meli ya Belgic, ikaingia bandari ya San Francisco tarehe 8 Oktoba. Akatoa cheti chake kwa mkuu wa forodha akaomba kushuka, akakataliwa, na sababu iliyotolewa ni moja tu, kwamba kuna sheria mpya imesainiwa tarehe 1 Oktoba ambayo imevifuta vyeti vyote vya aina ile. Yaani wiki moja kabla ya kufika. Sheria inasainiwa Washington yeye yuko katikati ya bahari ya Pasifiki, na enzi hizo meli ikishatoka bandarini haina simu ya upepo wala nini, dunia inaweza kugeuka juu chini nyie mko kwenye maji mnakula wali tu hamjui kitu.

Sasa hicho cheti ndo roho ya kisa, wengi wanakipita haraka wakikimbilia hukumu.

Mwaka 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia vibarua wa Kichina kuingia kwa miaka 10. Lakini kulikuwa na mkataba wa 1880 kati ya Marekani na China uliosema wale waliokwishakuwepo wako huru kutoka na kurudi wapendavyo, kwahiyo ikabidi itafutwe njia ya kuwatofautisha wa zamani na wapya, ndo likaja wazo la cheti. Afisa wa forodha anapanda melini kabla haijaondoka, anaandika kila kibarua wa Kichina kwenye daftari: jina lake, umri, kazi, mahali alipoishi mara ya mwisho, alama za mwilini na chochote kitakachosaidia kumtambua. Halafu anapewa cheti chenye mambo hayohayo, chenye sahihi na muhuri, bila malipo, na sheria yenyewe ikasema kwa maneno yaliyo wazi kabisa kwamba cheti hiki kinampa mwenyewe haki ya kurudi na kuingia tena. Mwaka 1884 wakaikaza zaidi, wakasema cheti ndo ushahidi pekee utakaokubalika. Usije na barua ya tajiri wako, usije na majirani wa kukutolea ushahidi, leta cheti.

Unaona mtego ulivyo. Serikali kwanza inakwambia ushahidi mwingine wote haufai, shika hii karatasi tu, ukishaishika na kuvuka bahari inakwambia na hiyo karatasi nayo haifai.

Na tusimwone mjinga kwa kuondoka. Wanaume wengi wa Kichina waliokuwa California walikuwa na ndugu, wake au wazazi kule Guangdong, hela ilikuwa inatumwa kila mara, na kumleta mke ilikuwa mtihani hasa baada ya sheria ya 1875 iliyotumika kuwazuia wanawake wa Kichina kwa kuwashuku wote ni malaya. Kuoa mzungu nako California ilishakataza. Kwahiyo maisha yakawa ndo hayo ya kwenda na kurudi, unafanya kazi miaka kadhaa, unaenda kwenu unaoa au unazika mzee au unalipa madeni ya ukoo, unarudi kibaruani. Bila ruhusa ya kurudi mfumo mzima wa maisha unakatika katikati. Chae Chan Ping alifuata utaratibu hatua kwa hatua, na kama angekuwa mkorofi asiyejali karatasi asingeondoka kabisa, angebaki San Francisco na yasingempata. Hili mimi ndo linaloniuma kuliko yote, aliyeumia ni yule aliyetii.

Kwanini 1888? Uchaguzi. Kulikuwa na mkataba mwingine ulisainiwa Machi mwaka huo, ungezuia vibarua kwa miaka 20 ila ungewaruhusu kurudi wale wenye familia au mali ya dola 1,000 Marekani. Seneti ikaongeza masharti yake, China ikasita kuridhia, uvumi ukazagaa kwamba imekataa. Rais Grover Cleveland anagombea tena, kura za majimbo ya pwani ya magharibi zinagombaniwa, na kule hakuna mwanasiasa aliyewahi kupoteza kura kwa kuwaponda Wachina. Mbunge William Scott wa Pennsylvania, mtu wa karibu na kampeni ya Cleveland, akaingiza muswada mwanzoni mwa Septemba na nyumba ya wawakilishi ikaupitisha fasta. Kwahiyo Belgic inang'oa nanga Hong Kong tayari huo mzigo uko bungeni, abiria hawana habari. Inakadiriwa vyeti kama 20,000 vilikuwa mikononi mwa watu waliokuwa nje ya Marekani, na kama watu 600 kati yao walikuwa baharini njiani kurudi siku Rais anasaini. Hao 600 ungeweza hata kuwawekea kifungu kimoja kidogo, kwamba aliyekwishapanda meli aachwe aingie. Hakikuwekwa. Cleveland mwenyewe alisema wazi kwamba ingefaa walio njiani waruhusiwe, lakini akasaini hivyohivyo. Na uchaguzi akashindwa, California nayo akaikosa. Watu 20,000 wamefungiwa mlango kwa ajili ya kura ambazo hazikuja.

Turudi melini. Nahodha ndo aliyemshikilia, na nahodha hana chuki naye wala nini, sheria ya 1882 ilisema nahodha atakayemshusha kibarua wa Kichina asiyeruhusiwa atapigwa faini mpaka dola 500 kwa kila kichwa na anaweza kufungwa mpaka mwaka mmoja. Nani atahatarisha hivyo kwa abiria wa daraja la chini? Mkuu wa forodha naye anasema mimi nafuata sheria. Kila mtu kwenye hiki kisa anafuata sheria, na ndo maana kwangu kinatisha kuliko kile cha kundi lenye mienge, maana kundi unaweza kulikimbia.

Wachina wa San Francisco hawakukaa kimya. Kulikuwa na umoja wao mkubwa, wenyeji waliuita Makampuni Sita, kimsingi ni vyama vya watu wa wilaya moja vilivyoungana, kama vile vyama vyetu vya mjini vya watu wa kijiji kimoja ila vyenye nguvu kweli, vinasuluhisha madeni, vinasafirisha mifupa ya marehemu kwao, vinakodi mawakili. Jamii ikachanga hela, kesi ya Chae Chan Ping ikawa ya wote. Waliwahi kushinda kesi kabla ya hapo. Mwaka 1884 kuna kibarua aitwaye Chew Heong, alikuwa ameondoka 1881 kwenda Honolulu kabla vyeti havijaanzishwa, akarudi anaambiwa leta cheti, atakitoa wapi? Mahakama ya Juu ikasema sheria haiwezi kumdai mtu kitu kisichowezekana, aingie. Jaji aliyeandika hukumu hiyo ni John Marshall Harlan. Mmoja wa waliopinga ni Stephen Field, mtu wa California. Shika hayo majina mawili.

Ombi la kwanza la kutaka jamaa aachiwe lilifika mahakama ya shirikisho kulekule California, likakwama. Likapanda Mahakama ya Juu, likasikilizwa Machi 1889, na upande wake wamesimama mawakili wakubwa, James Carter wa New York na George Hoadly aliyewahi kuwa gavana wa Ohio, siyo wakili wa kuokoteza. Hoja zao ukizitafuna ni hizi: cheti ni ahadi ya serikali, mtu amefanya uamuzi wa kuondoka kwa kuitegemea, huwezi kuivunja akiwa njiani, na juu ya yote mkataba wa 1880 bado upo na unasema waliokuwepo wako huru kutoka na kurudi. Upande wa pili, California ikatuma mawakili wake kuisaidia serikali kuu, kuonyesha tu jimbo lilivyokuwa na hamu na hii kesi.

Hukumu ikatoka tarehe 13 Mei 1889, na aliyeiandika ni nani? Field huyohuyo.

Mimi nimeisoma hiyo hukumu na kitu kinachoshangaza ni kwamba hakanushi. Anakubali kabisa kwamba sheria mpya inakwenda kinyume na mkataba. Anasema sawa, lakini mkataba na sheria ya bunge vina uzito uleule, na vikigongana kinachofuata mwisho ndo kinashinda, China kama ina malalamiko ipeleke kwa Rais, siyo mahakamani. Halafu anaenda kwenye cheti, na hapa ndo kisu kilipoingia. Anasema mamlaka ya nchi kuamua nani aingie ni sehemu ya mamlaka yake ya kuwa nchi, haiwezi kuuzwa wala kugawiwa wala kufungwa kwa ahadi, kwahiyo chochote alichokuwa nacho huyu bwana kilikuwa ni ruhusa tu inayotegemea mapenzi ya serikali, inafutika muda wowote. Angekuwa na kiwanja, Field anasema, mali yake ingelindwa, maana mali ni kitu ulichokwishapata, lakini haki ya kurudi ni tumaini tu. Miaka 12 ya jasho lake San Francisco ikawekwa kwenye fungu la matumaini. Na katikati ya lugha ya sheria kuna lugha nyingine, kwamba hawa ni wageni wanaoishi peke yao kwa mila zao, wasioweza kuchanganyika, wengi kupita kiasi, na kwamba nchi inaweza kuvamiwa na jeshi au hata na makundi ya watu wanaomiminika. Mtu mmoja na begi lake, anajadiliwa kama jeshi.

Chae Chan Ping akarudishwa China mwaka huohuo. Baada ya hapo kumbukumbu zinamwacha.

Ila hukumu yenyewe haikuishia kwake. Mwaka 1892 ikaja sheria nyingine inayowataka hata Wachina wanaoishi ndani wawe na cheti cha ukaazi, ukikamatwa huna ni kufukuzwa, na kujitetea unahitaji shahidi mzungu wa kuaminika. Ikapingwa mahakamani 1893, Mahakama ya Juu ikasema aliyeweza kuzuia anaweza pia kufukuza, ikitumia mantiki ileile ya kesi ya Chae Chan Ping. Na huwezi amini, Field akapinga! Akalalamika kwa ukali kwamba hii imezidi, hawa wako ndani ya nchi, wana haki. Mzee, mlango si ulifungua wewe mwenyewe? Zuio lilikuja kuondolewa 1943, China ikiwa mshirika wa Marekani dhidi ya Japani, na hata hapo kiwango kilikuwa watu 105 kwa mwaka kwa Wachina wa dunia nzima. Sensa ya 1880 ilihesabu Wachina zaidi ya 105,000 Marekani, ya 1920 ikakuta kama 61,000.

Na kama unadhani hayo ni ya kale, Januari 2017 Trump alisaini amri ya kuzuia watu wa nchi 7, Somalia ikiwemo, na ilikamata watu wakiwa tayari hewani na viza zao halali, wengine wakazuiwa uwanja wa ndege wametua. Karibu na sisi kabisa, kuna wakimbizi wa Kisomali walioshahojiwa miaka kwa miaka, wameshakubaliwa, wametolewa Dadaab na kuletwa kituo cha Nairobi kusubiri ndege, wakarudishwa kambini. Amri za awali zilizuiliwa na mahakama kwa muda, toleo la tatu likapitishwa na Mahakama ya Juu Juni 2018. Msingi wa wazo kwamba mahakama isiingilie sana uamuzi wa nani aingie umetokea kwenye ukoo huohuo wa kesi za Wachina.

Sasa kwa anayetaka kuandika hadithi. Jalada linatupa meli, tarehe na hoja, mwenyewe halimpi nafasi ya kusema. Halituambii Juni 1887 alimfuata nani China, aliacha nini San Francisco, alikuwa anadaiwa na nani. Hapo ndo kazi ya mwandishi, na hapo kubuni siyo dhambi. Mimi ningeanzia dakika ile ya cheti kukaguliwa, hivi (hii nabuni, msije mkaitafuta kwenye kumbukumbu):

Cheti kimekunjwa mara nne ndani ya kitambaa cha mafuta. Afisa anakikunjua juu ya meza, anasoma umri, anamtazama. Anasoma urefu, anamtazama. Anasoma kovu juu ya jicho la kushoto, anainuka kidogo kwenye kiti alione vizuri, kovu lipo. Anaguna kwa kuridhika, kwa kweli ni mtu anayeipenda kazi yake. Halafu anamgeukia mkalimani anasema maneno machache. Mkalimani ni kijana wa Kichina, anasita.

"Kaka, karatasi ni yako. Na uso ni wako."

"Kwahiyo nishuke?"

"Imefutwa."

"Nani kaifuta? Ina muhuri hiyo."

"Rais. Jumatatu iliyopita."

"Jumatatu iliyopita nilikuwa baharini, mdogo wangu."

"Najua, kaka."

Na afisa anamrudishia cheti kwa mikono miwili asikichane.

Huyo afisa usimfanye shetani, tafadhali. Riwaya nyingi za aina hii zinaharibika pale mwandishi anapotafuta mbaya wa kumtemea mate, anamweka afisa mwenye masharubu anacheka cheka. Ukimweka afisa mstaarabu kisa kinauma zaidi na pia kiko karibu na ukweli wa jalada, maana hakuna popote anapotuhumiwa Chae Chan Ping kughushi, kila kitu kilikubaliana. Usimpe pia mtu wetu hotuba ndefu mahakamani, hakusimama pale kuhutubia, kesi ya Washington ilibishaniwa na mawakili waliovaa vizuri wakati mwenyewe anajadiliwa kama hoja. Ukitaka watu waongee waongeleshe walio naye melini, maana kwenye hizo meli za Hong Kong Wachina walijazana daraja la chini, na habari moja ya vile ikishuka huko chini kila mtu anashika mfuko wake kuangalia cheti chake kama bado kipo.

Kitu kingine kinachoshawishi ni kumweka jaji mmoja mwema anayesimama peke yake kupinga, wasomaji wapate pa kupumulia. Usifanye. Hukumu ya 1889 majaji wote walikubaliana, hakuna hata mmoja aliyeandika upinzani, na Harlan yumo. Harlan yule wa Chew Heong, Harlan ambaye 1896 atakuja kuwa jaji pekee kupinga ubaguzi wa watu weusi kwenye treni, na humohumo kwenye upinzani wake maarufu akataja Wachina kama watu wa mbali mno wasiofaa kuwa raia. Kama unatafuta mhusika wa kukusumbua usiku kucha huku unaandika, anza na huyo.